Inchi Nne za Pindo

Ilikuwa mwaka ule daraja la chini liliposombwa na maji. Hapana, nakosea. Daraja lilikwenda mwaka mmoja kabla. Nakumbuka kwa sababu siku ile mke wangu alinituma nikamjulie hali mdogo wake ng'ambo, nikarudi kumwambia hakuna ng'ambo ya kwenda, akacheka mpaka akaketi chini. Mwaka ninaotaka kuusimulia mke wangu hakuwepo tena. Basi ni ule uliofuata, mwaka wa uchaguzi, kuta zote za mtaa wetu zilipobandikwa sura za watu tusiowajua wakitutabasamia.

Ninayetaka kumsimulia ni jirani yangu, fundi cherehani. Watu walimwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake. Aliamka nayo, akapika nayo, akaenda nayo sokoni. Siku ya kumzika mumewe alisimama kaburini na futi shingoni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Mume ndiye aliyekuwa fundi mwanzo. Mke alishona vifungo tu. Mume alipopooza upande mmoja, mke akavuta kiti, akaweka mguu kwenye cherehani, akaendelea na suruali pale pale ilipoachwa. Mimi na marehemu tuliitana ndugu, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa mashemeji. Nilikuwa fundi viatu, na sanduku langu lilikaa kwenye baraza lake, hatua mbili kutoka kwenye cherehani, miaka kumi na tisa. Au ishirini. Tuseme ishirini.

Kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Hapo kuna jambo la kulielewa, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo. Mzazi akileta kitambaa cha sketi husema, "Fundi, mtoto anakua." Maana yake ni kwamba sketi hii itavaliwa miaka mitatu. Basi fundi anaikata ndefu, anakunja inchi nne ndani, anashona pindo. Mwaka ukipita, pindo linafumuliwa kidogo, sketi inashuka. Mtoto wa mtaa wetu ukitaka kujua amekua kiasi gani, ungehesabu mistari iliyofifia chini ya sketi yake. Mama Futi hakuulizwa aongeze ngapi. Ilikuwa nne siku zote, na hakuna mzazi aliyelalamika.

Sasa maji. Mtaa wetu ulikuwa bondeni. Juu yetu walijenga maghala, wakasakifu viwanja vyao, wakafukia mtaro wa zamani ili malori yapate pa kugeuzia. Mvua ikinyesha, maji yote ya maghala yalikuja kwetu kama wageni wasiobisha hodi. Yakiondoka yaliacha mstari ukutani, wa rangi ya chai iliyokaukia kikombeni. Tulichotaka sisi ni kitu kimoja tu: mtaro uchimbwe tena. Hatukutaka reli wala uwanja wa ndege. Mtaro.

Mgombea ubunge wa chama kikubwa alikuwa daktari wa meno, na kila mtu alimwita Dokta. Alikuwa na meno mazuri, na sauti ile ya kukuambia hutasikia maumivu. Alisimama juu ya lori pale kwenye uwanja wa shule, akazungumza juu ya uchumi wa taifa, na heshima yetu mbele ya mataifa, na mji wetu utakavyong'aa usiku kucha. Watu walipiga makofi, maana kulikuwa na muziki. Mara ikatoka sauti ya mwanamke katikati:

"Na mtaro?"

Ilikuwa ni shemeji yangu. Watu wakacheka. Dokta hakucheka; alitabasamu, akainama kutoka juu ya lori. "Nani huyo? Mama, sogea. Umesema mtaro?"

"Nimesema mtaro. Mengine yote umeyasema."

Hapo watu walicheka kweli. Dokta akamgeukia katibu wake, kijana mwenye mkoba, akachukua daftari kubwa lenye jalada gumu, akalinyanyua ili wote walione. "Mama huyu ndiye kiongozi wa kweli! Mama, chukua. Pita nyumba kwa nyumba, andika kero ya kila mtu, kila mmoja aweke dole gumba. Nikishinda, daftari hili litakuwa kitu cha kwanza mezani!"

Alimpa na fulana yenye sura yake. Mama Futi alipofika nyumbani aliigeuza ndani nje, akatazama mishono, akaniambia, "Shemeji, tazama kwapa hili. Mtu anashonewa kwapa namna hii, halafu ashone nchi?" Lakini daftari alilifuta vumbi kwa kanga, akalilaza chini ya mto wa kiti cha cherehani, mahali alipoweka vitu vya thamani.

Tulianza siku ya pili yake. Yeye na futi, mimi na daftari na kidau cha wino wa mihuri. Wengine wangeuliza tu na kuandika. Yeye hapana, aliingia ndani, akatafuta mstari ukutani, akapima kutoka sakafuni. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mpagazi mmoja wa sokoni, tuliyemwita Tajiri kwa sababu hakuwa na kitu.

"Inchi ishirini," akasema Mama Futi, amepiga magoti.

"Ishirini tu?" Tajiri akaruka. "Mama Futi, mimi nimelala juu ya meza siku mbili!"

"Futi haijui ulilala wapi."

"Andika kifuani."

"Kifua chako au cha bata?"

"Wakubwa hawasikii magoti, Mama Futi. Ukiwaambia maji yalifika magotini watasema kunjeni suruali. Shemeji yake, mwambie!"

Nami nikamwambia. Nataka hili liandikwe kama lilivyokuwa. Nilisimama kwenye kizingiti cha Tajiri, kidau mkononi, nikasema, "Shemeji, sketi ya mtoto unaiongezea inchi nne kwa sababu unajua atakua. Haya maji nayo hayakui? Mwaka wa juzi yalifika wapi, na mwaka jana yalifika wapi? Weka pindo."

Alilishika shina la kalamu kwa meno. "Pindo ukikosea unafumua," akasema. "Wino hautafumuka."

"Basi na wao wakichimba mtaro kwa inchi nne zaidi, nani ataumia?"

Tajiri akapiga makofi. "Huyo ndiye fundi! Kumbe viatu vinampotezea muda!"

Akaandika ishirini na nne. Kuanzia hapo, nyumba zote hamsini na moja, alipima, akataja ya kweli kwa mdomo, akaandika na nne juu yake. Hakuhitaji kuambiwa tena. Nyumba yangu ilikuwa ishirini na moja, akaandika ishirini na tano, nikabonyeza dole gumba langu nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo la akili.

Ya kwake tuliiacha mwisho. Nilipima mimi. Ishirini na mbili. "Andika ishirini na sita," nikasema.

"Ishirini na mbili."

"Shemeji, kwa nini?"

"Fundi hajipimi mwenyewe akajipendelea. Wakija kukagua, waanzie kwangu, wakute kweli. Wakikuta kweli kwangu hawatapima kwingine." Akacheka. "Mimi ndiye kitambaa cha kuonyesha wateja."

Ndivyo alivyofikiri. Mpaka leo nikiwaza naona hata mimi ningefikiri hivyo.

Siku ya kura tulipanga foleni tangu alfajiri, na Mama Futi aliwapitia wazee majumbani, akawaketisha kwenye viti vyake viwili vya wateja na kuvisogeza mbele kila foleni ilipotembea. Dokta alishinda, na sehemu kubwa ya kura zake zilitoka bondeni. Jioni ile tuliimba. Watoto waliimba neno moja tu, mtaro, mtaro, kwa mdundo wa kampeni. Daftari lilikwishachukuliwa na yule katibu wiki moja kabla, akalitia mkobani, akasema, "Hili ni dhahabu, mama." Hatukumuuliza zaidi. Ungemuuliza nini mtu aliyeliita daftari lako dhahabu?

Miezi saba tulikaa bila neno. Halafu tuliitwa kwenye mkutano, katika darasa la shule ile ile, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga mbao. Mbele alisimama bwana mmoja kutoka ofisi ya jiji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua, na kila alipopiga chafya alituomba radhi. Alisema serikali imeamua juu ya mabonde nchi nzima: nyumba ambayo maji yanapita sentimita sitini si makazi ya binadamu, inaondolewa kwa usalama wa wakazi wenyewe. Alisema kazi ya kupima imerahisishwa sana na wananchi. Akatoa karatasi zilizotolewa nakala, akazishika juu.

Mwandiko tuliujua hata kutoka dawati la nyuma. Ni mwandiko ule ule uliokuwa ukiandika majina yetu kwenye vipande vya karatasi na kuvibana kwa pini kwenye nguo zetu zilizokwisha kushonwa.

"Nyumba namba kumi na saba," akasoma. "Inchi ishirini na tano. Sahihi ya dole gumba hii hapa. Ya nani?"

"Ya kwangu," nikasema.

"Ni dole lako, mzee?"

"Langu."

Akaweka alama. Akaendelea, nyumba hadi nyumba. Tajiri ndiye aliyesimama. "Bwana, haya maji ni ya magotini! Tuliongeza!"

"Mliongeza?"

"Tuliongeza kidogo ili tusikike."

Yule bwana akaweka karatasi mezani, akajifuta pua. "Ndugu yangu, nakusihi. Unataka niandike kwamba mtaa mzima ulimdanganya mheshimiwa mbunge kwa maandishi, na kuweka dole?"

Tajiri akaketi. Nje, darasa la pili walikuwa wakiimba hesabu.

Zilibaki nyumba nane bila alama. Saba zilikuwa zile za juu karibu na barabara, kila mtu alijua maji hayazifiki sana. Ya nane ilikuwa ukurasa wa mwisho. "Inchi ishirini na mbili. Hii inabaki. Ya nani?"

"Ya kwangu," akasema Mama Futi.

Nilisikia madawati yakilia, watu wanageuka. Sauti ile ya madawati naijua hata sasa nikiisikia mahali. Mmoja akasema, si kwa nguvu, "Aa. Kumbe." Basi. Neno moja.

Hapo ndipo nilipokuwa na la kusema. Ningesimama niseme, jamani, ni mimi niliyemwambia aongeze, na ya kwake alikataa kuiongeza mbele ya macho yangu. Maneno machache tu hayo. Sikusimama. Nilikuwa nafikiria kitanda changu, kwamba hakipiti mlangoni bila kufunguliwa, na spana nimemwazima nani. Alinitazama mara moja, kisha akatazama ubao. Jina langu hakulitaja.

Mchana ule tulirudi barazani, tukakaa kama kawaida, yeye kwenye cherehani, mimi kwenye sanduku. Baada ya muda akavua futi shingoni, akailaza mezani. Futi ya fundi ina pande mbili, inchi huku na sentimita huku. Upande wa sentimita hakuwahi kuutumia maisha yake yote. Akaitafuta sitini kwa kidole, akaibana kwa ukucha, akaigeuza futi. Inchi ishirini na tatu na nusu, na kidogo juu yake.

Tulihesabu kwa kichwa, maana namba za kweli alizikumbuka zote, kama alivyokumbuka viuno vya watu. Bila pindo, zingevunjwa nyumba tisa. Kwa pindo, arobaini na nne.

"Shemeji," akasema, "nimewashonea watu hawa miaka mingapi?"

Sikudhani anataka namba.

Kesho yake alikwenda ofisi ya mbunge. Alikwenda mara nne, akakaa kwenye benchi na futi yake, akaambiwa mheshimiwa yuko bungeni, mheshimiwa yuko safarini, mheshimiwa ana wageni. Mara ya nne nilikwenda naye, tukamkuta Dokta anatoka kwenda kwenye gari. Alimkumbuka! Alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Mama yangu! Mama wa mtaro!"

"Mheshimiwa, daftari lile. Ulituambia litakuwa mezani."

"Na nililiweka, mama. Neno langu nililitimiza. Lilikuwa kitu cha kwanza mezani."

"Meza ya nani?"

Alitabasamu, akamgusa bega, akaingia garini. Mlango wa gari lile ulifungwa bila sauti, kama mlango wa kabati.

Tingatinga lilikuja asubuhi, watoto wakiwa njiani kwenda shule. Mengi sitayaeleza; nyumba inavunjwa haraka kuliko unavyodhani, na baadaye kinachokushangaza ni rangi za kuta za ndani, kila mtu kumbe alikuwa na rangi yake. Nyumba ya Mama Futi lilipita pembeni yake taratibu, dereva akigeuza shingo asiiguse. Ingekuwa afadhali aiguse.

Hakuna aliyemtukana. Ungetaka watukane. Walichukua vitambaa vyao tu, mmoja mmoja, hata vile alivyokuwa amekwisha kuvikata. Tajiri alikuja kuchukua sketi ya binti yake. Mimi nilikuwa nafunga sanduku langu nihamie kwa mwanangu wa kike, upande mwingine wa mji, nikasikia yote.

"Haijaisha, baba," Mama Futi akasema. "Bado pindo."

"Nipe hivyo hivyo."

"Itachanika nyuzi. Ni dakika tano, kaa."

"Mama Futi, pindo lako hatulitaki tena."

Akaikunja mara mbili, akampa kwa mikono miwili, kama anavyompa mteja yeyote. Kisha akavuta kiti, akakanyaga cherehani bila kitambaa, tupu, kwa muda mrefu. Niliondoka cherehani ikilia.

Alibaki pale peke yake miaka mitatu, katikati ya vifusi. Mtaro haukuchimbwa. Vifusi vya nyumba zetu ndivyo vilivyoziba njia ndogo iliyobaki, na maji yote ya maghala yakawa na nyumba moja tu ya kuingia. Nilimtembelea mwanzo kila mwezi, halafu magoti yakanisumbua, halafu nauli, halafu nikawa natafuta sababu tu, nikiri kweli. Kila nilipokwenda alinipa kiti kizuri. Hakuwahi kunikumbusha kizingiti cha Tajiri. Siku moja tu alisema, akiwa anakohoa, "Ulikuwa na haki, shemeji. Yanakua."

Kifua ndicho kilichomwondoa, baada ya mvua za mwaka wa tatu. Kwenye maziko tulikuwa watu saba, na Tajiri alikuwepo. Alibeba jeneza mbele, bega zima la mpagazi. Wanawake waliomwosha walinipa futi. Kabla ya kufunga nyumba nilipiga magoti nikapima mstari mpya ukutani. Inchi ishirini na saba. Pindo lote lilikuwa limekwisha kushuka, na moja juu yake.

Nje nilimshika Tajiri mkono. Nilikuwa nimelibeba neno lile muda mrefu, nikaona nilitue pale. "Mwanangu, inchi zile nne, mimi ndiye niliyemwambia aongeze."

"Najua, mzee. Si ulisemea mlangoni kwangu? Na mimi nikapiga makofi."

"Sasa mbona mlimlaumu yeye?"

Alitazama kaburi, akajikuna kidevu. "Wewe nyumba yako ilivunjwa," akasema. "Mtu aliyevunjiwa unamlaumu vipi?"

Alisema kwa upole, bila kunisuta. Ndiyo maana nilishindwa kula siku ile.

Mwaka huu kampeni zimerudi. Dokta anagombea tena, safari hii anataka kiti kikubwa zaidi. Huku kwa mwanangu nako ni bondeni, maskini huhamia bondeni kutoka bondeni. Wiki iliyopita alikuja binti mmoja mwenye adabu, kofia ya chama kichwani, simu kubwa kama sinia mkononi. Akanisalimu shikamoo, akachuchumaa mbele ya sanduku langu la viatu.

"Babu, tunakusanya kero za wananchi. Maji huku mvua ikinyesha yanafika wapi?"

Futi ilikuwa shingoni mwangu, mimi nami siku hizi naamka nayo. Nyuma yake alisimama jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, akinikonyeza na kunionyesha kwa mkono kifuani, sema hapa, babu, sema hapa.

Nikamuuliza yule binti swali moja kabla ya kumjibu. Akacheka, akatazama simu, akasema atamuuliza msimamizi wake. Msimamizi alipokuja nikamuuliza na yeye, akasema mzee una maneno. Jumapili nikaenda mkutanoni kwa miguu yangu hii, nikanyoosha mkono mpaka ukafa ganzi, nikapewa kipaza sauti, nikamuuliza Dokta mwenyewe, naye akatabasamu, na muziki ukapigwa. Ni swali dogo, tulipaswa kumuuliza kijana yule siku ile alipotia daftari mkobani, mimi na marehemu, kabla hajafunga zipu:

Ukimaliza kuandika haya, unayapeleka kwenye meza ya nani?